Nyota mbili na nusu kwa kichupa cha mate

Nianze na boksi lenyewe la kipimo cha vinasaba, kile cha kujipima nyumbani kwa mate, maana wengi ndilo wanaloniuliza. Ni la ukubwa wa kitabu cha kurasa mia mbili hivi. Ndani mna kichupa cha plastiki chenye mstari, kifuniko kilichobeba maji ya buluu, mfuko wa kutumbukiza kichupa ukishamaliza, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nane. Usile, usinywe, usivute sigara wala kupiga mswaki kwa nusu saa, kisha tema mate mpaka yafike kwenye mstari. Ukisoma unaona kazi ndogo. Jaribu sasa. Povu halihesabiwi, na mililita 2 za mate bila povu zilinichukua dakika ishirini, tano za mwisho nikijisugua mashavu kwa vidole kama mtu aliyeumwa na jino. Ukifunga kifuniko, maji ya buluu yanamwagika ndani, unatikisa, unaweka kwenye bahasha, unapeleka posta. Sehemu hiyo haina lawama. Bahasha ilifika, jina langu halikukosewa, na baada ya wiki sita barua pepe ikaingia: matokeo yako yako tayari.

Sasa nijitambulishe kidogo, ili ujue ni nani anayelalamika. Kazi yangu ni kusoma prufu. Kwa miaka 19 nimelipwa kutafuta nukta iliyokimbia na herufi iliyoruka kwenye kurasa za watu wengine. Kwa hiyo vipimo hivi vya vinasaba vinapotangazwa kuwa "tunasoma kitabu chako cha uhai", mimi huuliza swali moja la kikazi: mmesoma kurasa ngapi?

Sikununua kwa kutaka kujua babu zangu walitoka wapi. Shangazi yangu mkubwa, dada wa baba, alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 44. Mdogo wake naye akaondoka kwa saratani ya ovari akiwa na 51. Miaka miwili iliyopita binamu yangu, binti wa yule shangazi mkubwa, akaambiwa ana uvimbe kwenye titi la kushoto; alikuwa na miaka 38. Katika misiba yote hiyo nimesikia maneno yale yale: "Wewe usiogope, hayo ni ya kina shangazi, wewe umezaliwa na mwanamume." Eti matiti ni mambo ya kikeni, lazima yapite kwa mama. Baba mwenyewe aliamini hivyo hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani, mzima wa afya, bila ugonjwa wowote wa kumtilia shaka.

Mimi sikuamini, lakini sikuwa na ushahidi. Tangazo la kipimo lilisema kinaangalia jeni za saratani ya matiti. Nikanunua viwili, kimoja changu na kingine cha kaka, kwa kuwa cha pili kilikuwa na punguzo. Jina la kampuni nitalihifadhi. Zinafanana mno, na mengi ninayosema hapa utayakuta kwa wenzao pia.

Ripoti ilifunguka usiku, nikiwa peke yangu jikoni. Unajua ilianza na nini? Nta ya masikio. Kuna jeni inaitwa ABCC11 ambayo herufi yake moja inaamua kama nta yako ni ya majimaji au kavu. Yangu ni ya majimaji. Nilikuwa najua, masikio ni yangu. Ukurasa mzima umetumika kunieleza hilo, pamoja na picha ya sikio. Nikashuka, nikashuka, hadi nikafika kwenye saratani ya matiti. Mstari mmoja na alama ya vema ya kijani: "Mabadiliko hayakupatikana."

Nililia. Sitajifanya sikulia. Nilimpigia kaka saa tano usiku, nikamwambia tumepona. Akasema, "Alhamdulillahi, dada, sasa lala."

Sikulala. Asubuhi, kabla hata sijanawa uso, nikarudi kwenye ripoti kwa jicho la kazini, yaani kuanzia chini, kwenye maandishi ya kijivu ambayo mchapaji huyaweka akitumaini hutayaona. Hapo ndipo nilipokuta kwamba kipimo kinaangalia mabadiliko matatu tu kwenye jeni mbili, BRCA1 na BRCA2. Matatu. Mabadiliko yenye madhara yanayojulikana kwenye jeni hizo ni maelfu. Na hayo matatu si ya kuokoteza tu: ni yale yaliyo ya kawaida zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, watu ambao asili yao ni Ulaya ya kati na mashariki. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha namna hii kiuzwe moja kwa moja kwa mtu bila daktari, Machi 2018, ilikuwa ni kwa hayo hayo matatu, na ikaonya wazi kwamba kutopatikana kwake hakumaanishi huna mengine. Kwa Myahudi wa Ashkenazi, kipimo hicho kina maana. Kwangu mimi, mwenye asili ya Afrika kwa baba na kwa mama, ni kama kupekua mswada kutafuta kosa ambalo hufanywa na mwandishi mwingine kabisa.

Nikachukua kikokotoo. Maandishi ya vinasaba vya mwanadamu, ukihesabu upande mmoja tu wa urithi, wa baba au wa mama, yana herufi kama bilioni 3. Maelezo ya kiufundi ya kipimo changu yanasema kinasoma sehemu kama 650,000. Ukigawanya, ni herufi moja katika kila 4,600. Ukurasa wa kitabu cha kawaida una herufi kama elfu mbili. Maana yake msomaji wa prufu anasoma herufi moja, anaruka kurasa mbili na ushee, anasoma nyingine. Niwatendee haki: herufi hizo hazichaguliwi ovyo, zimechaguliwa kwa sababu zinajulikana kutofautiana kati ya mtu na mtu. Lakini kosa lililo la familia moja tu, lililojificha katikati ya ukurasa ulioruka, hutaliona hata ukisoma hivyo kila siku.

Kabla sijaendelea kulalamika, niseme kilipofanya vizuri, kwa sababu kipo kilipofanya vizuri sana.

Kiliniambia nina chembe ya selimundu. Sikujua. Nina miaka 45, nimechangia damu mara mbili, hakuna aliyewahi kuniambia. Hapa kusoma herufi moja moja kunafaa kabisa, maana ugonjwa wenyewe ni wa herufi moja. Kwenye kromosomu ya 11, yaani mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba, kuna jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Maelekezo ya vinasaba huandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, katika maneno ya herufi tatu tatu. Neno la sita linapaswa kuwa GAG. Kwa mwenye selimundu limeandikwa GTG. A imekuwa T, basi. Hemoglobini inayotengenezwa inashikamana ikikosa oksijeni, na seli nyekundu inapinda kama mundu. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza seli hizo kutoka kwenye damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba tatizo liko kwenye molekuli yenyewe ya hemoglobini. Mwaka 1956 Vernon Ingram akapata ni kipande kipi hasa cha protini kilichobadilika. Katika kazi yangu sijawahi kuona herufi moja iliyohangaisha watu kiasi hicho.

Mimi ninayo nakala moja yenye kosa na moja safi, AS, kwa hiyo siumwi. Ripoti ililieleza hilo vizuri, kwa lugha ya kawaida, pamoja na jambo ambalo watu hulikosea kila siku. Ukiwa AS ukazaa na mwenzio AS, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne kuwa SS, yaani nakala zote mbili zina kosa na mtoto anaugua. Kila mimba. Haina maana kwamba mtoto wa kwanza akiugua basi watatu wanaofuata wamesalimika. Nimemsikia mtu mzima, msomi, akisema "zamu yetu imeshapita". Urithi hauna daftari la zamu. Unarusha sarafu upya kila mara.

Wameeleza pia kwa nini kosa hilo limedumu. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha ushahidi kwamba wenye nakala moja wana kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana kosa hilo ni la kawaida mahali ambapo malaria imekaa karne na karne. Kuna makosa ya chapa ambayo mhariri anayaacha makusudi kwa sababu ukiyasahihisha unaharibu kitu kingine. Hili ni mojawapo. Hospitalini walirudia kwa kipimo cha elektroforesi ya hemoglobini, kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, ikatoka AS vile vile. Wanangu wawili wakapimwa: mmoja anayo, mwingine hana. Kwa sehemu hii peke yake ningetoa nyota tano bila kusita.

Kisukari aina ya pili nakipitia haraka. Hapo hakuna herufi moja. Kuna mamia ya sehemu, kila moja ikisukuma kidogo. Iliyo maarufu zaidi, TCF7L2, iliyotajwa na watafiti wa Iceland mwaka 2006, huongeza hatari kwa kama asilimia 40 kwa kila nakala, na hiyo ndiyo inayoitwa kubwa. Kampuni inajumlisha zote, inakupa alama moja, "hatari ya kawaida". Chini, kwa kijivu: makadirio haya huenda yasiwe sahihi sana kwa watu ambao asili yao si Ulaya. Bila shaka hayawi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kama asilimia 81 ya watu walioshiriki tafiti za aina hii duniani walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 3. Kipimo kimefundishwa kusoma kwa mwandiko wa watu wengine, kisha kinaletewa wangu. Kwanini maelezo hayo yasiwe juu, kwa herufi nyeusi? Nimewaandikia kuuliza. Walinijibu kwa kunitumia kiungo cha ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Kuna ukurasa mmoja sijaufungua mpaka leo. Ni wa APOE, jeni inayohusiana na ugonjwa wa Alzheimer. Wameufungia, na kabla ya kuingia wanakuuliza mara mbili kama una uhakika. Hilo ni jambo la kistaarabu. James Watson, mmoja wa waliotegua umbo la DNA, aliposomewa vinasaba vyake vyote mwaka 2007 aliomba sehemu hiyo tu asionyeshwe. Mimi si Watson, lakini bibi yangu mzaa mama alimaliza miaka yake sita ya mwisho akiniita kwa jina la dada yake. Nakala moja ya aina inayoitwa e4 huongeza hatari mara mbili au tatu, mbili huongeza zaidi ya hapo, na bado wapo wenye nakala mbili wanaozeeka na akili zao timamu. Nikijua nitafanya nini tofauti kesho asubuhi? Nimekaa na kidole juu ya kitufe mara tatu. Kimebaki kimefungwa.

Basi nikarudi kwenye titi, ndiko nilikotoka. Nikaomba rufaa ya kuonana na mshauri wa jenetiki, mtaalamu wa magonjwa ya kurithi, na huduma hii nayo naihakiki hapa hapa, kwa kuwa bila yenyewe kipimo cha mate kingenizika nikiwa na alama ya kijani mkononi.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani shingoni. Nilimwekea ripoti yangu mezani, imechapishwa kwa rangi. Akaisogeza pembeni kwa kiwiko, kwa upole, kama unavyosogeza kikombe. Akachukua penseli na karatasi tupu. "Tuanze na baba yako, mdogo wangu. Walizaliwa wangapi?"

Saa nzima tulichora. Mwanamke ni duara, mwanamume ni mraba. Aliyefariki anakatwa mstari, aliyeugua anatiwa kivuli. Kila nilipotaja mtu aliuliza umri, na si umri wa kufariki tu, umri wa kugunduliwa. "Ilianza titi moja au yote mawili?" "Huyu wa ovari, una hakika ni ovari, au walisema tu tumbo?" Ilibidi nimpigie shangazi mdogo kabisa, aliye hai, nikiwa pale pale ofisini, kumuuliza mambo ambayo familia yetu haijawahi kuyasema kwa sauti. Alijibu yote. Nadhani alikuwa akisubiri kuulizwa.

Mchoro ulipokamilika nikaona kitu ambacho miaka yote sikukiona. Duara mbili zenye kivuli, katikati yao mraba mtupu wa baba, na chini ya mraba, mimi na kaka. Upande wa baba una wanaume wengi na wanawake wachache. Ugonjwa ungeweza kupita kwa vizazi viwili bila kuonekana, ukitembea ndani ya miraba. Akagusa mraba wa baba kwa ncha ya penseli. "Huyu hazuii kitu. BRCA2 iko kwenye kromosomu ya 13, na mwanamume anayo kromosomu ya 13 kama mwanamke. Anairithi, anaitoa. Yeye mwenyewe ana uwezekano mkubwa zaidi wa kusalimika, lakini si kinga." Akataja saratani ya tezi dume, ya kongosho, na hata ya titi kwa wanaume. Pale nikakumbuka sauti zote za msibani.

Alinieleza pia kitu kilichonituliza zaidi ya alama ya kijani. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi hivi. Zinazotokana na jeni moja iliyorithiwa ni kama asilimia 5 hadi 10. Na hata anayerithi, harithi saratani. BRCA2 ni fundi wa kurekebisha: DNA ikikatika ndani ya seli, yeye ni mmoja wa wanaoiunga. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Ukizaliwa na moja mbovu, nyingine inafanya kazi, na unaishi vizuri. Shida inaanza seli fulani ikipoteza na ile ya pili, kwa bahati mbaya tu ya maisha, na kuanzia hapo makosa yanarundikana bila wa kuyasahihisha. Ndiyo maana si kila mwenye badiliko huugua. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 uliweka hatari ya saratani ya matiti kwa wanawake wenye badiliko la BRCA2 kuwa kama asilimia 69 hadi kufikia miaka 80. Ni kubwa mno. Lakini wapo pia hao 31.

Nikavua koti nichomwe sindano. Akacheka. "Si wewe. Tunaanza na binamu yako."

Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna boksi lolote la posta litakalokuambia. Ukimpima mtu mzima asiyeugua na usikute kitu, hujui kama familia haina badiliko, au inalo lakini yeye hakulirithi, au kipimo hakikuliona. Ukimpima aliyeugua ukalikuta, sasa unajua ukurasa na mstari. Wengine wote mnaenda kuangalia pale tu.

Binamu alitoa damu. Walisoma BRCA1 na BRCA2 herufi kwa herufi, na jeni nyingine kadhaa juu yake. Jibu lilipokuja: ndani ya BRCA2, herufi nne hazipo. Binamu alinitumia picha ya karatasi, akauliza, "Nne tu? Katika zote hizo?" Nikamweleza kwa njia ninayoijua. Kumbuka kwamba maneno yote ni ya herufi tatu. Chukua sentensi hii: LEO MTO UNA NZI PIA. Sasa futa herufi nne baada ya LEO, kisha endelea kusoma tatu tatu: LEO NAN ZIP IA. Neno la kwanza limesalimika, yaliyobaki yote yamekuwa upuuzi, ingawa hakuna herufi nyingine iliyoguswa. Seli ikifika hapo inatengeneza protini ya ovyo kidogo, inakutana na neno la "komesha" mahali pasipo pake, inaacha. Fundi anazaliwa bila mikono. Binamu akanyamaza, halafu akaandika: "Bora ingekuwa nzi."

Jibu hilo halikuwa hukumu tu. Daktari wake alibadilisha mpango wa matibabu. Kuna kundi la dawa, la kwanza lilipata kibali mwaka 2014, linaloshambulia hasa seli ambazo zimepoteza fundi huyo, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amelifikiria kwake. Pia wamezungumza kuhusu kuondoa ovari, jambo ambalo mama mdogo wake hakuwahi kupewa nafasi ya kulizungumza.

Ndipo ikawa zamu yangu. Hesabu ilikuwa rahisi: baba nusu, mimi nusu ya nusu. Moja kati ya nne. Nilisubiri wiki tatu, nikisahihisha kitabu cha hesabu cha darasa la sita, kichekesho hicho sijakitunga. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja: badiliko la familia halikupatikana.

Halikupatikana. Neno lile lile la usiku ule jikoni.

Hapa ndipo nyota zinaponitesa. Kipimo cha mate kiliniambia sina, na kweli sina. Ukikihakiki kwa jibu, kimepatia. Lakini mimi nimewahi kuwa na kijana wa mazoezi kazini aliyeweka saini ya "imesomwa" kwenye kurasa arobaini bila kuzifungua. Tulipozisoma, thelathini na nane zilikuwa safi. Sikumsifu kwa hizo thelathini na nane. Binamu yangu, mwenye herufi nne pungufu na kovu kifuani, angetema mate kwenye kichupa kile kile angepata alama ile ile ya kijani. Sihitaji kumjaribisha ili kujua. Hayo matatu yanayoangaliwa, lake halimo.

Onyo jingine, na hili nimelipata kwa mshauri. Kampuni hukuruhusu kupakua faili ghafi la herufi zako, na kuna tovuti zinazokuahidi kulifasiri. Maabara moja ya Marekani ilichapisha mwaka 2018 kwamba katika sampuli 49 zilizotumwa kwao kuhakikiwa baada ya watu kutishwa na mafaili kama hayo, asilimia 40 ya mabadiliko yaliyotajwa hayakuwapo kabisa. Kwa hiyo kinakosea kotekote: kinaweza kukupa amani isiyo yako na hofu isiyo yako. Usikatwe kitu mwilini kwa karatasi ya posta.

Kuhusu faragha sitasema mengi, ila kaka aliwahi kunisema na alikuwa na haki. Kisanduku cha kukubali vinasaba vyangu vitumike kwenye utafiti kilikuwa kimeshatiwa alama nilipofungua akaunti. Nilikiondoa kwa sababu nasoma kila kitu, lakini nani mwingine anasoma? Kaka akaniambia, "Nusu ya hivyo ulivyotuma ni vyangu, dada, na hukuniuliza." Kampuni moja maarufu sana katika biashara hii, 23andMe, ambayo siyo niliyoitumia, ilidukuliwa mwaka 2023 zikachukuliwa taarifa za watu kama milioni 6.9, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Nenosiri unaweza kubadilisha. Kromosomu ya 13 huwezi.

Jumla yake: nyota tano kwa selimundu, moja kwa saratani, sifuri kwa maandishi ya kijivu, na nusu ya hisani kwa ule ukurasa waliokuwa na adabu ya kuufunga. Nimeweka mbili na nusu kwa sababu mfumo hauniruhusu kuweka nyota tofauti kwa kila ukurasa. Mshauri wa jenetiki, penseli na karatasi tupu: tano, na ningekuwa na ya sita ningeongeza. Kasoro yake ni foleni. Nilisubiri miezi mitatu kumwona.

Kimebaki kile kichupa cha pili. Kaka hakukitumia. Mshauri alinieleza kwamba mimi kutokuwa na badiliko kumempunguzia kidogo: kutoka moja kati ya nne hadi moja kati ya sita, maana sasa kuna uwezekano zaidi kwamba hata baba hakuwa nalo. Lakini moja kati ya sita ipo, na ana mabinti wawili. Kwa miezi miwili kila nikimgusia alikuwa anabadilisha mazungumzo. Juzi akanipigia mwenyewe. Boksi lilikuwa juu ya kabati, watoto wamelishusha, mdogo anachotea kichupa maji ya kumwagilia ua. Nikasema waache, hakina kazi. Akauliza kule hospitali wanachukua mate au damu. Damu, nikamwambia. Akakaa kimya, nasikia watoto wanagombania kichupa, kisha akauliza kama wanafungua Jumamosi.